Solo ya Abilahi

Gitaa la Abilahi lilianza kunukia udi mchana kweupe. Ukiinamia tundu lake, ungedhani kuna mtu humo ndani amefukiza sasa hivi. Abilahi alilikung'uta, akalianika juani, akajiambia ni mbao za zamani tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, wamehamishiwa majuzi tu kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kitomanga. Kijiji kilikuwa na bendi: magitaa mawili makavu, yasiyo ya umeme, tumba na manyanga. Wageni wa mkoa wangekuja Jumamosi iliyofuata kuisikiliza. Bonaventura, kiongozi wa bendi, alishamwambia Abilahi kwamba solo yake haina ladha, na asipobadilika atampa mwenzake Klementi aipige.

"Wimbo wetu uko kwenye maina, ile ngazi ya sauti za huzuni," alisema. "Maina inataka kulia polepole. Na usikariri, kaka. Iache ije yenyewe."

Haikuja. Siku tatu mfululizo Abilahi alitoka shamba la kijiji akajifungia ndani, akapapasa nyuzi na kuangukia palepale. Siku ya nne vidole vikakutana na sauti chache za huzuni, laini, na kila alipozigeuza zikazaa nyingine. Alijua zimetoka wapi. Aibu yenyewe ndiyo hiyo: alijua tangu sauti ya pili.

Miaka sita nyuma mkewe, Mboni, alipandwa na jini. Bibi Mwahija, mganga wao, alimtuliza kwa wimbo huohuo, maana kila jini ana wimbo wake, na kuupiga ni kumfungulia mlango. Abilahi akala yamini kwamba hautatoka kilingeni, hata kwa mluzi.

Bendi ilipousikia, Bonaventura aliacha kupiga. "Huu umeutoa wapi?"

"Umenijia tu," alisema Abilahi, na kichwa kikamvimba kwa sifa.

Siku hiyo Mboni alirudi nyumbani na matope hadi magotini, asikumbuke alikopita.

"Mume wangu," alinong'ona, "hujasikia mtu akiimba leo?"

"Hapana."

"Basi ni masikio yangu." Akacheka kidogo, akaenda kuosha miguu.

Mboni alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Wazee wa kijiji walimheshimu kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kuandika majina yao. Alhamisi alasiri alikuwa ubaoni katika banda la kisomo lisilo na kuta, na ng'ambo ya uwanja bendi ikaanza mazoezi, na Abilahi alipoingia kwenye solo chaki ya Mboni ikaanza kugonga ubao kwa mapigo ya gitaa, ikaandika herufi moja juu ya ileile mpaka ikaisha na kucha zikaendelea kukwaruza, harufu ya udi ikajaa banda zima, kanga ikamdondoka kichwani, kisha na ya kiunoni, na kifuani mwa mwanamke yule mwembamba ikatoka sauti nzito ya mzee wa kiume, ikiuliza kwa upole kabisa, "Nani kaniita?"

Mzee Bakari, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, alifunika uso kwa daftari. Abilahi aliyaona yote hayo kutoka ng'ambo. Akaimaliza solo yake.

"Nimevukwa na nguo mbele ya watu ninaowaamkia," Mboni alilia alipozinduka. "Pale ubaoni sirudi tena."

Ijumaa baada ya sala bibi Mwahija akaja. Alimketisha Mboni mkekani, akamfunika shuka jeupe, akawasha ubani. Bonaventura na mzee Bakari walikaa ukutani na Abilahi. Mboni alitetemeka chini ya shuka, kisha akatulia.

"Jini huyu kaitwa," Mwahija alisema kwa sauti ya chini. "Aliyemwita aseme hapa, aombe radhi, yaishe. Mficha uchi hazai, wanangu. Ni nani?"

Abilahi aliifikiria kesho. Akawafikiria wageni na Klementi, na kile kiapo.

"Sijui, bibi," alisema. "Labda watoto wa shule. Wanapenda kupiga mluzi."

Mboni akalifunua shuka mwenyewe. Macho yalikuwa yake, makavu.

"Jini ameshanitoka, bibi. Alitoka ubani ulipowaka tu." Akamgeukia mumewe. "Ni gitaa lako. Nimelijua tangu jana. Nilijikalia kimya humu nikingoja uniambie wewe."

Bonaventura alitazama chini.

"Katoka kaenda wapi?" Mwahija alinong'ona. "Mbona mimi sijamfunga?"

Abilahi alifumbua mdomo. Safari hii maneno ya kweli alikuwa nayo yote, *ni mimi, nisamehe*, lakini yalifika kooni yakakuta pana mtu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kubana nyuzi ambazo hazipo, polepole, kwa ustadi ambao hakuwa nao.

"Hapa patanifaa," ikasema sauti nzito ya upole.

Mboni alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Sauti ile alikuwa ameishi nayo miaka sita. Akajitanda kanga vizuri, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Ndani kabisa Abilahi alikuwa analia, akiomba apewe pumzi ya maneno yale matatu tu.

"Marahaba, mjukuu wangu," kinywa chake kikaitika.