Alikalia Mkono wa Ovaroli Yangu

Nina miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Nakuru, na kwa sasa ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Al Garhoud, hapa Dubai. Haya ninayoyasimulia hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalinipata mimi... na sitayasimulia kwa kunong'ona!

Ila kwanza, wasomaji wenzangu, niruhusuni niwaeleze jambo moja polepole. Bila hilo hamtaelewa kwa nini kipande cha kitambaa kilinitoa machozi mbele ya fundi cherehani.

Nilisomea uhandisi wa umeme Finland, katika mji mdogo wa chuo uliopasuliwa katikati na mto. Wanafunzi wa uhandisi kule wana mila zao. Kila idara ina ovaroli za rangi yake, na hizo si za kazi, ni za sherehe. Sisi wa umeme tulivaa nyekundu. Ukihudhuria shughuli unapata beji ya kitambaa, unaishona mwenyewe kwa sindano. Na ovaroli haifuliwi, labda uingie nayo majini ukiwa umeivaa! Mama alipoiona kwenye picha aliniuliza kama nimeacha chuo nikaajiriwa gereji.

Siku ya Mei Mosi wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutumbukizwa mtoni. Maji yale... barafu imetoka kuyeyuka! Nilipiga yowe, nikanywa mto, nikaibuka natetemeka. Ndipo nikavishwa kofia nyeupe yenye kishada cheusi. Watu nisiowajua walinikumbatia wakiimba. Binti wa Nakuru, nina watu!

Sasa ile mila tamu kuliko zote. Wawili wakipendana, kila mmoja hukata mkono mmoja wa ovaroli yake, wakabadilishana, kila mmoja akaushona wa mwenzake. Rangi zikitofautiana, mji mzima unajua una wako. Pete inaweza kufichwa mfukoni. Mkono wa ovaroli utauficha wapi?

Mimi nilibadilishana na Kevin, kijana wa Kakamega aliyesomea ujenzi. Wao walivaa bluu. Nilikata mkono wangu wa kushoto, wenye beji yangu ya mtoni, nikampa. Wa kwake niliushona siku hiyohiyo. Doreen, Mganda niliyeishi naye chumba kimoja, msichana wa kemia mwenye ovaroli ya kijani, ndiye aliyenionyesha namna ya kurudisha sindano nyuma ili mshono usifumuke.

Na Kevin? Aliubusu mkono wangu, akautia kwenye begi. "Nitashona wikendi, babe."

Wikendi ilikuja ikapita. Mara ana mtihani. Mara hana uzi. Jamani, mtu hukosa uzi mwaka mzima? Sikujiuliza. Nilikuwa napenda!

Kevin alimaliza masomo, akapata kazi Dubai. Mimi nilibakiza tasnifu tu. Akaniambia nimfuate, tutafunga ndoa, tasnifu nitaiandikia hapa. Nilipofika, nikaandika nini? Nilipata kazi ya zamu hotelini na kitanda katika chumba cha wasichana wanne Satwa. Yeye akapanga Al Jaddaf, kwenye mnara mpya wa makazi. Kuishi pamoja kabla ya ndoa alisema si vizuri. Nilimsifu kwa heshima yake!

Waliopitia vyuo vile na sasa wanaishi Dubai hukutana kila Mei Mosi kwenye nyasi za bustani moja, na kofia zao nyeupe. Kevin alikwenda peke yake. Alinieleza kwa huruma kwamba wasiomaliza masomo hawaruhusiwi kuvaa kofia, nitaaibika bure. Nikaifungia kofia sandukuni. Mwaka uliofuata akaniambia hayohayo, nami nikabaki chumbani... Mnaona jinsi mtu anavyofukuzwa kwake kwa maneno laini?

Mwaka huu, siku chache kabla ya Mei Mosi, nilipeleka suruali ya sare kwa fundi wetu wa Satwa. Ni mzee wa Kipakistani ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemwelekeza Kevin kwake. Nikaona ovaroli ya bluu imetundikwa ukutani, imejaa beji za Kevin. Moyo ukaruka kwa furaha. Nilidhani ameileta anishtukize, hatimaye mkono wangu ushonwe!

Nikaigeuza. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kijani.

Nilishika ule mshono. Sindano ilikuwa imerudishwa nyuma, vizuri, kidogokidogo... Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Doreen!

Nikamuuliza fundi kama aliachiwa pia kitambaa chekundu. Akatabasamu kwa fahari, akaigeuza ovaroli nyuma. Kule kwenye makalio, palipokuwa pameraruka, kulikuwa na kiraka kikubwa chekundu.

"Cloth nzuri, madam. Strong! Sir alisema tumia hii. Khalas, kazi imekwisha, hairaruki tena."

Katikati ya kile kiraka ilikuwapo beji yangu ya mtoni. Wasomaji wenzangu, mkono niliomkatia kwa mapenzi... mwanamume yule alipanga kuukalia!

Nililia, sifichi. Kisha nikaenda chumbani, nikarudi na ovaroli yangu, nikailaza juu ya meza ya fundi. Nyekundu kwa nyekundu. Mzee alitazama, akatazama tena, akavua miwani. Nikamwambia kile ni kitambaa changu nami nakitaka. Hakuniuliza zaidi. Alikifumua kiraka chote, akaitundika ya bluu na tundu lake kama ilivyoletwa, akisema sir akija ataeleza mwenyewe alikotoa kitambaa. Kisha nikamwomba aung'oe ule mkono wa bluu kwenye ovaroli yangu.

Nilimpigia Doreen. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya baridi, "Kevin aliniambia utapiga. Na kwamba utasema hivihivi, eti bado wewe ni mchumba wake." Akakata. Mwalimu wangu wa sindano!

Kevin alipiga mwenyewe alipokuta tundu. "Rael, unaniaibisha kwa fundi? Unavunja uchumba kwa sababu ya kitambaa?"

"Ni kitambaa tu?"

"Si ni kitambaa tu!"

"Basi nunua kingine," nikamwambia. "Satwa vimejaa."

Wasichana wa chumbani walipiga vigelegele, na Mercy, mkubwa wetu, akaniambia, "Sasa dadangu, utoe hiyo kofia sandukuni au tukuvishe kwa nguvu?"

Mei Mosi nilikwenda. Joto la Dubai, ovaroli nyekundu, kofia nyeupe kichwani na mkono wa kushoto wazi hadi begani. Nilikanyaga zile nyasi kama ninayeingia tena mtoni. Kevin alikuwapo, amevaa jinzi. Alinifuata mbio akininong'oneza niivue kofia kabla sijachekwa.

Badala yake nilimwendea mama mmoja wa Kifini, mwenye kofia iliyokwisha kuwa manjano kwa uzee, nikamuuliza mbele ya Kevin: aliyeacha tasnifu anaruhusiwa kuivaa?

Yule mama alishangaa. "Ulitumbukizwa?"

"Nilitumbukizwa."

"Basi ni yako. Kofia hupewa aliyelowa, si aliyemaliza."

Kisha akautazama mkono wa ovaroli uliokosekana, akauliza nilibadilishana na nani. Nikamwonyesha Kevin kwa kidole. "Na yule. Wangu aliufanya kiraka cha makalio."

Kofia zote zikamgeukia Kevin. Kwa waliopitia vyuo vile, jambo hilo halihitaji kufafanuliwa! Kevin aliondoka kabla ya nyimbo. Mimi nilibaki, nikaimba, nikala donati zao za Mei Mosi.

Je, sikuumia? Niliumia, na bado kuna siku naumia. Lakini nimekwisha kumwandikia profesa wangu, naye amenipokea. Sasa hivi naandika tasnifu kati ya zamu na zamu, beji yangu ya mtoni imeshonwa kifuani. Mkono wa kushoto nimeuacha wazi makusudi. Hewa inapita vizuri sana!

Dada yangu, kaka yangu unayesoma, huenda kwenu hakuna ovaroli. Lakini kuna masomo, kuna kazi, kuna watu wako, na kuna anayekuomba uvikate ili mjenge pamoja. Usimkatalie kwa hofu, mapenzi ni mazuri. Mtazame tu mikono, uone kama na yeye ameshika sindano.

Hajashona? Usikate!