Kitanda cha Sita, Hakuna Mgonjwa

Jioni ile nilipanda wodi ya wagonjwa mahututi na waya mpya mkononi. Muuguzi wa zamu alikuwa amenipigia: kompyuta inayofuatilia wagonjwa inarudia ujumbe mmoja tu. *Kitanda cha sita: hakuna mgonjwa.*

Kwenye kitanda cha sita alilala mdogo wangu. Siku ya tisa hajitambui.

Nilikuta kifua chake kinapanda na kushuka. Nikashusha pumzi. Miaka kumi na moja ya ufundi wa kompyuta imenifunza kwamba kompyuta husema uongo mchana kweupe; itakuambia nenosiri si sahihi, kumbe panya katafuna waya. Nikabadilisha waya.

*Hakuna mgonjwa.*

Nikabadilisha kipimo cha kidoleni.

*Hakuna mgonjwa.*

Muuguzi akanisogelea. "Fundi... unasikia harufu hiyo?"

Udongo mbichi. Ghorofa ya tatu!

"Bomba limepasuka huko," nilimjibu.

Ujumbe ulijaza kioo kizima cha kompyuta, taarifa za wagonjwa wengine hazionekani. Mafundi tuna dawa yetu ya haraka: kitanda kinachosumbua unakinyamazisha, unazima ujumbe wake kwenye kompyuta, sababu utaitafuta baadaye. Nikakinyamazisha.

Kimya...

Mdogo wangu akafumbua macho.

"Kaka," akanong'ona. "Twende nyumbani."

Mama alilia kwa furaha wiki nzima. Mimi pia. Ila mdogo wangu hakuwahi kuniita kaka. Tangu ajue kusema, mimi kwake ni Bichwa.

Juzi nikajikaza, nikafungua kumbukumbu za kompyuta za jioni ile na kuzisoma tangu mstari wa kwanza, kama nilivyopaswa kufanya siku ileile. Saa kumi na mbili na dakika saba: *mgonjwa ametoka*. Dakika hiyohiyo: *kitanda kina uzito*.

Ukinyamazisha kitanda, kompyuta haiachi kuandika. Ni sisi tu tunaoacha kusoma. Chini yake nikakuta mstari mwingine, mpya.

*Kitanda cha sita: mgonjwa anaita.*

Mara mia nne na kumi. Saa zile nilikuwa namnywesha supu yule aliyeamka, kitufe cha kumwitia muuguzi kikining'inia ukutani, hakuna anayekigusa. Kitanda kiliita hadi alfajiri, kisha kikakoma.

Mdogo wangu aliniita usiku kucha, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Sasa hivi yule aliyeamka yuko jikoni na mama, wanacheka. Sijui nimwambie nini mama.