Msumari Ndani ya Kiatu cha Fundi

Ulimwona, ukajitia hamnazo. Ulipeleka kiatu kushonwa, ukamkuta fundi amekonda, anabugia maji chupa kwa chupa, kila mara mbio msalani. Kaka yake alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Ulikwenda kumpa pole, halafu ukasahau. Huyu naye kinywa kilimnuka kitunguu saumu, mkamwita Bwana Saumu. Ukacheka, ukachukua kiatu chako, huyoo!

Fundi mwenyewe alicheka pia. Kila asubuhi alitwanga punje tatu za saumu, akazimeza kwa maji. Insulini yake, dawa ya sindano ya kisukari, ilikaa kwenye jokofu wiki tatu, haijaguswa. Muuza mitishamba alimwambia, "Saumu itaiamsha insulini yako mwenyewe. Sindano ya nini?" Naye alikuwa amechoka kujichoma.

"Baba watoto, umetumia dawa?" mkewe aliuliza kila siku.

"Nimetumia."

Hakudanganya. Kwake, saumu ilikuwa dawa.

Siku moja mdogo wa mkewe, muuguzi, alileta viatu vyake vya kazini.

"Shemeji, mbona sakafuni kuna damu?"

Fundi alivua kiatu. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo. Yeye, aliyeisaka misumari ya watu kwa ncha ya kidole, huu hakuusikia hata kidogo. Akamkumbuka kaka yake.

"Unatumia dawa?" muuguzi aliuliza.

"Kila siku."

"Dawa gani?"

Fundi aliweka kiatu kando. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni dawa gani.

"Saumu," alisema, macho chini.

"Ala! Na sindano?"

"Nimeacha."

Muuguzi alivuta kigoda. "Sikiliza. Tumboni una kongosho. Ndilo linalotengeneza insulini. Insulini huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli za mwili iwe nguvu. Kongosho lako limeshindwa kazi, ndiyo maana ukapewa sindano."

"Kwa hiyo saumu ni bure?"

"Sijasema hivyo. Watafiti wanaichunguza. Huenda inashusha sukari kidogo kwa baadhi ya watu. Itie kwenye mboga, ule. Lakini haishiki nafasi ya sindano. Sukari ikikaa juu muda mrefu, miguu hufa ganzi. Wewe unaweza kubandika soli kwa uji?"

Fundi alicheka bila kupenda. "Mteja angenirudishia kiatu siku hiyo hiyo."

"Na mguu, utaurudisha kwa nani?"

Walikwenda hospitali saa ileile. Kidonda kikasafishwa, sukari ikapimwa, daktari akampangia upya sindano zake. Miezi miwili baadaye kidonda kilikuwa kimefunga. Kiu ilikwisha. Na kabla ya kuvaa viatu, fundi hupitisha mkono ndani, kwanza kimoja, kisha cha pili.

Mkewe haulizi tena kama ametumia dawa. Huuliza, "Umechoma sindano?"

Nawe unaye mgonjwa wa kisukari, nyumbani au jirani. Usigeuze uso tena. Weka karatasi hii chini, inuka, nenda ukamuulize sasa hivi: dawa gani?