Kilio cha Nyumba Isiyo na Mtoto

Ivyne, jirani wa ghorofa ya chini, alimsimamisha Mercyline kwenye ngazi na kumuuliza kwa adabu mtoto wao ana miezi mingapi. Mtoto alilia sana mchana, alisema, hasa nyumba ikiwa imefungwa, na yeye alikuwa na dawa nzuri ya tumbo la watoto kama wangependa. Mercyline akamwambia amekosea mlango, wao hawakuwa na mtoto. Ivyne alicheka kidogo, akainua macho kuelekea mlango wao juu, kisha akaacha kucheka na kuingia kwake.

Fleti hiyo ya Muthangari ilikuwa na watu wazima watatu tu. Kulikuwa na Thuo, mwenye bucha, ambaye alfajiri ilimkuta machinjioni Dagoretti akichagua nyama. Kulikuwa na mama yake, Waithera, mjane, kiongozi wa akina mama kanisani. Na kulikuwa na Mercyline mwenyewe, msichana wa kutoka Bungoma aliyeolewa kwa Wakikuyu, aliyepokea simu katika ofisi ya bima huko Upper Hill.

Mercyline alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa wa aibu kwa sababu haukuwa na jina. Mwenye malaria hupewa pole na kuletewa machungwa. Anayechoka tu, mwaka baada ya mwaka, huitwa mvivu, kama si leo basi kesho. Alivaa sweta mbili jua likiwaka. Nyusi zake zilikuwa zimeanza kupukutika kwenye ncha. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, hata watu waliopiga simu ofisini walimwita bwana, na yeye alijifunza kuitikia hivyo hivyo ili mambo yaishe.

Ilikuwepo aibu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Hedhi yake haikuja, na haikuwa imekuja tangu kabla ya ndoa. Kila mwezi alinunua pedi, akazifungua, akazikunja ndani ya karatasi na kuzitupa safi kabisa, ili yeyote atakayelitazama pipa la bafuni aridhike. Thuo alimwomba Mungu kila mwezi pakiti ile isinunuliwe. Mercyline alimsikia akiomba, akanunua.

Waithera ndiye aliyempeleka hospitali, na tusimlaumu haraka, maana alifanya hivyo kwa mapenzi. Alishika faili, alibishana na watu wa foleni, na akishaingia kwa daktari alijibu maswali yote yeye, kwa sababu ndivyo mama afanyavyo. Umewahi kuzaa? Bado, daktari, huyu tulimpata msichana, tunangoja. Siku zako zinakuja? Zinakuja vizuri tu. Mercyline aliketi pembeni akitazama viatu vyake. Kwa Waithera swali la kuzaa halikuwa dogo: kwa mila ya Wakikuyu msichana wa kwanza wa Thuo angechukua jina lake, Waithera, na hivyo yeye angezaliwa tena. Alikuwa akingoja kuzaliwa.

Wakaambiwa ni homa ya matumbo. Wakaambiwa ni amiba, kisha brusela, kisha vidonda vya tumbo, kisha mawazo. Kila ugonjwa ulipotajwa Mercyline alipata nafuu siku chache, na Ivyne akasema mtoto ametulia. Halafu baridi ilirudi, na kilio nacho kikarudi.

Mercyline mwenyewe alikisikia mara ya kwanza akiosha vyombo, mvua ikinyesha. Hakikuwa kilio cha mtoto mwenye nguvu. Kilikuwa kidogo na kikavu, cha kiumbe aliyelia mpaka mate yakamwishia, na kilitoka nyuma yake. Akageuka, na kikawa bado nyuma yake. Jikoni kulinuka damu na majivu, na Mercyline, aliyeijua harufu ile, aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Mwishowe Waithera naye akakisikia, akiwa kwenye maombi yake ya asubuhi. Akamwita mchungaji, watu wakakemea mpaka sauti zikakauka, kilio kikalala na kuamka tena. Ndipo yule kiongozi wa akina mama akavua beji yake ya kanisa, akajifunika leso mpaka kwenye paji la uso, na kumpeleka mkaza mwanawe kwa maalim mmoja wa Kawangware aliyesifika kwa kutoa majini. Njiani alimsihi Mercyline watembee mbali mbali, kama watu wasiojuana.

Maalim alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Alifukiza ubani, akaanza kusoma, na hakufika mbali. Kilio kilitoka kwa Mercyline, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Maalim akaacha kusoma. Akafuta pua, akasogea nyuma kwenye mkeka.

"Mimi huongea na majini, mama," alimwambia Waithera kwa sauti ya chini. "Huniambia jina, huniambia wanataka nini. Huyu hajui kuongea. Hakuishi mpaka umri wa kuongea." Kisha akamtazama Mercyline. "Lakini wewe unamjua."

"Simjui," Mercyline alisema.

Usiku ule ule kikamjia. Thuo alikuwa amelala ubavuni pake akikoroma, na Mercyline alilala chali akitetemeka chini ya mablanketi, akasikia kilio kikikatika, akashukuru, kisha akasikia blanketi likisogea miguuni, polepole, kitu kidogo kikipanda kwa magoti na viganja, kikipumzika, kikipanda tena, kizito kuliko ukubwa wake na baridi kuliko yeye mwenyewe, mpaka kikafika kifuani, na mdomo usio na meno ukaanza kupapasa nguo, ukitafuta upande huu, ukikosa, ukitafuta upande ule, ukikosa, na yeye hakupiga kelele kwa sababu Thuo angeamka na kuuliza ni nani, akabaki amelala pale na machozi yakimwingia masikioni, akikiacha kitafute. Aliona haya kuliko alivyoogopa.

Asubuhi alianguka ofisini, simu ikiwa mkononi. Wakamkimbiza hospitali ya karibu, akawekewa dripu ya sukari na chumvi, na alipozinduka alikuwa mbele ya daktari mgeni, mwanamke aliyeitwa Kavutha, asiye na haraka. Thuo alisimama mlangoni na aproni yake ya bucha. Waithera alikuwa ameketi na faili mapajani. Daktari alisema waziwazi kwamba presha imeshuka vibaya, na wasipojua chanzo atawafia.

"Umewahi kuzaa?" aliuliza.

"Bado, daktari," Waithera akajibu.

Kilio kikaanza. Safari hii kila mtu alikisikia. Daktari Kavutha alikunja uso, akauliza ni nani ameacha mtoto kwenye korido, akaenda kufungua mlango. Benchi lilikuwa tupu. Aliporudi kilio kilikuwa chini ya kitanda, kisha ndani ya mablanketi, na Thuo alikuwa ameushika ukuta.

"Nilizaa," Mercyline alisema kwa ile sauti yake nzito. "Nikiwa shule. Na siku zangu hazijawahi kurudi tangu hiyo siku. Hizo pedi nilikuwa nadanganya."

Kilio kikakatika katikati.

Akawaeleza yote, akitazama dari. Alizalia kwa nyanya yake na damu ikamtoka mpaka godoro likageuzwa, na upande wa pili nao ukalowa. Maziwa hayakuja. Mtoto, wa kike, alilia siku kadhaa, na kwao mtoto mchanga akilia bila kukoma husemekana kuna marehemu anataka jina lake. Basi wazee wa kike wakamzunguka mtoto, wakamtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, kutwa nzima, wakingoja jina litakalomtuliza. Likapatikana. Mtoto akatulia, wakapiga vigelegele. Walipokuja kumfunua alikuwa amekufa kwa njaa. Mercyline hakulisikia jina lenyewe, kwa vile vigelegele, na hajawahi kumuuliza mtu.

"Walisema nilimnyima," alimaliza.

Daktari alivuta kiti karibu na kitanda. Kisha akaeleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya maharagwe, ndiyo inayoamuru maziwa, hedhi, joto la mwili na nguvu. Mama akivuja damu nyingi mno akizaa, tezi hiyo inaweza kufa, na mwili ukaendelea kuzimika taratibu kwa miaka. Vipimo vya damu na picha ya kichwa vingethibitisha, na baadaye vilithibitisha. Kuna vidonge vya kumeza maisha yote. "Hukumnyima," alisema. "Hata ungefanya nini, hayo maziwa hayangekuja."

Thuo aliuliza jambo moja tu. "Hata pedi, Mercy?" Akatoka, akakaa ndani ya gari mpaka jioni. Lakini jioni alirudi kumchukua, na Mercyline hakumdai zaidi ya hapo.

Vidonge vilifanya kazi. Joto lilirudi vidoleni, sauti ikalainika, na watu wa simu wakaanza tena kumwita madam. Nyumba ilikuwa kimya. Waithera ndiye aliyekuwa hana raha, kwa haya ya kukumbuka ni nani aliyekuwa akijibu kwa daktari miaka yote ile. Jumapili moja mezani alimshika Mercyline mkono.

"Huyo mtoto hawezi kukaa hivyo bila jina unalolijua," alisema. "Ni msichana wako wa kwanza. Mpe langu."

Wakaomba, wakalia, hata Thuo. Jina likatamkwa. Lilikuwa jambo la huruma kuliko yote yaliyowahi kufanywa chini ya paa lile, na ndiyo sababu hakuna aliyelifikiria mara mbili.

Wiki iliyofuata Waithera hakwenda kanisani. Mercyline alimpelekea chai, akamkuta ameketi kitandani mapazia yakiwa yamefungwa, amejifunga shuka mpaka shingoni, mwembamba ghafla, na midomo yake imepauka. Kifuani shuka lilikuwa limelowa. Bibi wa miaka sabini alimtazama mkaza mwanawe, akatazama kando.

"Tangu nimpe jina, maziwa yanatoka tu," alinong'ona. "Hayaishi. Na yeye hashibi. Tafadhali Mercy, usimwambie Thuo. Nitaweka wapi uso?"

Chini ya shuka kitu kilikuwa kikimeza. Mercyline aliiweka chai sakafuni. Alifungua mlango wazi kabisa, akamwita mumewe kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Ivyne. Kitu kile hakikushtuka. Kiliendelea kumeza, bila haraka.