Kahawa ya Utambulisho

Sekela alimwekea fundi wake wa nguo kikombe mezani, akamwambia vipimo vitasubiri, aonje kahawa kwanza.

Eliaichi alikuwa ametoka Bunju mpaka Chanika kwa ajili ya mteja huyu aliyempata Instagramu, binti mchangamfu anayekaa na shangazi yake, aliyetaka gauni la utambulisho. Alinusa kikombe, akanywa funda moja.

Kahawa ile ilikuwa yake. Buni zilitoka kwa mama yake Old Moshi. Alizichambua mwenyewe kwenye ungo, akatoa zilizovunjika, nyeusi na zenye matundu ya wadudu, akabakiza zinazolingana ili ziive pamoja. Akazikaanga kwa moto mdogo, akaziepua zilipopasuka, kabla hazijaanza kutoa mafuta. Alidhani amekosea, mpaka alipoliona kopo juu ya kabati. Mfuniko ulivalishwa kitambaa cha kitenge alichokishona kwa mkono wake.

"Nzuri hii," alisema. "Umenunua wapi?"

"Hainunuliwi, fundi. Mchumba wangu anachagua na kukaanga mwenyewe. Ananiambiaga nisage ya kunywa tu, ikikaa unga harufu inakimbia."

Maneno hayo Eliaichi aliyajua. Aliyasema yeye, jikoni kwake.

"Anaitwa nani mwanaume wa hivyo?"

"Cyprian."

Sekela akamwonyesha picha kwenye simu. Alikuwa ndiye, mume wake wa ndoa, amevaa shati alilompigia pasi siku alipoaga kwenda kuangalia kiwanja chao Chanika.

Eliaichi alimaliza kahawa yake yote. Kisha akatoa futi ya kupimia, akapima mabega, kifua na kiuno, huku Sekela akisimulia kwamba wazazi wanakuja kutoka Rungwe, baba yake ni mkulima wa kahawa, na Cyprian ameahidi kumpikia kahawa kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumbani alilia juu ya cherehani mpaka kitambaa kikalowa. Jirani yake Tabu alimshauri amtupie mume nguo nje siku hiyohiyo. Eliaichi akakataa.

"Nikimfukuza leo atasema nina wivu, halafu kule ataoa. Nataka aumbuke palepale anapotaka aheshimiwe."

Wiki ya utambulisho ilipofika, ujumbe wa Cyprian ukaingia:

"Mke wangu, bosi ana wageni Jumamosi. Nikaangie ile kahawa nzuri, iwe nyingi kidogo."

Akajibu: "Sawa, baba. Watafurahi."

Akakusanya buni zote mbovu alizokuwa ametenga, pamoja na zilizoshika ukungu kwenye mfuko wa chini. Akazikaanga kwa moto mkali mpaka zikawa nyeusi na kung'aa mafuta. Nzuri nazo alizikaanga pembeni, akazificha kwenye begi la kazi. Cyprian alichukua kopo lake bila hata kulinusa. Alipenda sifa ya kahawa kuliko kahawa yenyewe.

Jumamosi Eliaichi alitangulia Chanika na gauni. Alikuwa amelishona kwa ufundi wake wote. Sekela alijiangalia kwenye kioo, akafuta machozi, akamkumbatia. Hapo Eliaichi alitaka kumwambia. Mdomo ulishafunguka. Ila nje akasikia sauti ya Cyprian, anacheka na wajomba, anawaita wakwe zangu. Akafunga mdomo, akaomba abaki jikoni kumsaidia shangazi.

Cyprian alikaa na jiko la mkaa barazani ili aonekane. Akasaga, akachemsha, akamhudumia mzee, baba yake Sekela, kwa heshima zote. Mzee alikunywa kidogo, akakirudisha kikombe kwenye sahani.

"Kijana, hizi umezichagua mwenyewe?"

"Ndiyo baba. Punje kwa punje."

"Buni mbovu unaijuaje?"

Cyprian akasema ni ile isiyokolea, maana iliyo nyeusi kabisa ndiyo tamu. Wajomba wakatazamana.

Eliaichi akatoka jikoni na sinia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpa kikombe kingine. Mzee akanusa, akanywa, akanywa tena. Akauliza nani kaitengeneza.

"Mie. Hata zile alizokuwa anamletea binti yako nilizichagua na kuzikaanga mie."

Cyprian aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Mke wangu, njoo tuongee pembeni."

Alikuwa amesema mwenyewe, hapakuhitajika shahidi. Mshenga wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta viatu. Mzee hakupaza sauti. Alimwambia tu Cyprian asikanyage tena pale, na Cyprian akaondoka kichwa chini, macho ya wajomba yakimsindikiza mpaka barabarani.

Eliaichi alijisikia mwepesi, kama aliyetua ndoo. Hali hiyo haikudumu. Sekela alikuwa amesimama mlangoni na lile gauni.

"Ulijua lini?"

"Siku ya vipimo."

"Ukanishonea gauni. Ukawaacha wazazi wangu wasafiri toka Rungwe."

"Nilitaka aaibike mbele za watu."

"Aliyeaibika ni mie," Sekela alisema, akaingia ndani kulivua.

Cyprian alipofika Bunju usiku ule alikuta kitasa kipya, na nguo zake kwenye mifuko kwa Tabu. Aliongea dirishani kwa muda mrefu, akamlaumu shetani, akamlaumu Sekela, akalia. Eliaichi alimuuliza swali moja tu, iwapo angeomba msamaha kama asingekamatwa. Wazee wa kanisa walikaa nao, wazazi wakaja, na mara zote Eliaichi alisema hamtaki. Alilala vizuri. Kilichomsumbua ni yule binti, ambaye kila akimpigia hakupokea.

Siku moja, akiwa anakunja pindo la sketi, simu ikaita. Ni Sekela.

"Fundi, sijakusamehe."

"Najua."

"Ila baba ananisumbua. Anauliza ile ya kikombe cha pili uliikaangaje."

"Nitampigia nimweleze. Na kwako nakuja, unitukane uso kwa uso."

"Njoo Jumapili," Sekela alisema. "Shangazi hatakuwepo, nitakusema vizuri."