Pori Tupu la Kiranjeranje

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Fortunata, rafiki yangu wa Mtanda, mwaka 2006. Kampuni moja iliyotaka ardhi karibu na kijiji cha Kiranjeranje ilimwajiri apime mipaka kwa kompyuta ya mkononi ya kazi za porini, ngumu kama tofali.

Ndani ya kichaka, ambamo mlikuwa na giza ingawa ilikuwa adhuhuri, alikuta makaburi, akayaandika. Msimamizi wake, Cletus, akaichungulia mashine.

"Futa. Andika pori tupu."

"Tupu vipi? Watu wa hapa walihamishwa kwa nguvu, wakaacha wazee wao humu ardhini. Leo unawafuta tena! Huna hata haya?"

Cletus akamnyang'anya mashine, akaandika mwenyewe: Hakuna wakazi.

Fortunata akampokonya, akachomoa betri na kuitupa mbali. Kioo kikazima.

Ndipo wakasikia nafaka ikitwangwa kinuni, pu, pu, pu, na wanawake wakicheka. Wakageuka huku na huku. Sauti haikutoka kichakani. Fortunata akaisogeza mashine sikioni. Kinu kikanyamaza ghafla, na humo ndani mwanamke akauliza, "Nani huyo?"