Skrubu za Siafu

Kila mwaka, kabla mvua za kwanza hazijanyesha, mama yake Siafu alilitangazia jiko vita. Sufuria zote zilitolewa uani, masizi yalisuguliwa, kuta zilipakwa chokaa, na kilichovunjika kilitengenezwa. Kazi hizo zilifanywa Jumamosi, siku ambayo watoto hawaendi shule. Zikiisha, sufuria moja kubwa ya maharagwe ilipikwa Jumapili, na familia nzima ilikula humo humo jikoni, magoti yakigusana.

Jina la Siafu alipewa na bibi yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mdogo wa umbo na mchapakazi, lakini ukimkanyaga, ole wako. Mwaka huo aliomba apewe kazi yake peke yake.

"Nataka kutengeneza rafu ya jikoni, Mama."

Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alicheka huku uzi ukiwa mdomoni. "Haya, fundi. Usijikate vidole tu."

Siafu alikuwa na sababu. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa seremala, na alikuwa ametangaza kwamba likizo ikianza atamchukua mtoto mmoja akajifunze kazi kwake. "Mmoja tu," alisema. "Karakana yangu si uwanja wa mpira." Siafu aliitaka nafasi hiyo kuliko viatu vipya, kuliko chochote.

Basi Jumamosi ya kwanza alivunja kreti kuukuu na kung'oa misumari yake. Jumamosi ya pili alipima, akakata kwa msumeno, akapiga msasa mpaka viganja vikaota malengelenge. Ya tatu alifunga ukutani vyuma viwili vya kubebea rafu, kila kimoja kwa skrubu mbili, akizikaza kwa bisibisi huku amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, ulimi nje. Mama siku hizo alikuwa dukani kwake akishona, na Bibi alikuwa chumbani akipumzisha miguu.

Aliyekuwepo ni Redio. Huyu alikuwa mtoto wa mama mkubwa, rika moja na Siafu, na kila mwisho wa wiki alikuja kushinda pale. Aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Alikaa kizingitini, akala karanga, akatangaza.

"Wasikilizaji wapenzi, fundi wetu sasa anapanda ndoo! Ataanguka, hataanguka?"

"Njoo unishikie ubao badala ya kupiga domo."

Alishika ncha moja ya ubao, mara moja tu, na akaiachia kabla hajaambiwa. Huo ndio uliokuwa mchango wake wote katika ile rafu. Ukumbuke vizuri, maana utausikia tena.

Jioni Mama alirudi, akaiona rafu imekaa ukutani imenyooka, akaipapasa kwa furaha. Hakuwahi hata kuuliza ilivyotengenezwa, kwani vitunguu vilikuwa vimekwisha, na Siafu akatumwa dukani mbio. Aliporudi alimkuta Mjomba jikoni, mkono wake mzito umetulia juu ya bega la Redio.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kazi ya ndugu yako. Tazama hizi kingo! Huyu kijana ana mkono."

Siafu alitazama kingo alizozipiga msasa yeye mwenyewe, kisha akamtazama Redio. Redio alikuwa anatazama dari.

"Kazi ya nani?" Siafu alipaza sauti. "Hiyo nimetengeneza mimi!"

"Ah, ni kweli alisaidia, Mjomba," alisema Redio kwa upole wa kuudhi. "Alianza yeye, ikamshinda, nikaichukua mimi. Akanishikia ubao."

Loo! Siafu alitaka kusema mambo kumi kwa pamoja, na kwa kuwa yote yaligombania mlango mmoja, hakuna lililotoka.

"Siafu!" Mama alimkatiza. "Wivu gani huo? Ndugu yako akisifiwa, wewe unapungukiwa nini?"

"Lakini Mama..."

"Nimesema basi. Kata vitunguu."

Siafu alikata vitunguu, na machozi yakamtoka, na kwa kuwa ni vitunguu hakuna aliyemuuliza analia nini. Nyuma yake alimsikia Mjomba akisema, "Likizo ikianza, kijana, uje kwangu asubuhi na mapema." Kisu kikazidi kushuka kwa kishindo. Hata vitunguu vile vingekuwa na midomo vingeomba msamaha.

Asubuhi ya Jumapili aliamka hasira ikiwa bado mbichi. Mama alikuwa uani akichagua maharagwe, na jiko lilikuwa tupu. Siafu alipanda juu ya ndoo yake.

"Si yeye ndiye fundi?" alijiambia. "Basi rafu ya fundi ianguke mbele ya watu wote, tuone uso ataupeleka wapi."

Akachukua bisibisi na kulegeza skrubu mbili za chuma cha kushoto, taratibu, mpaka zikabaki zimeshika kidogo tu. Moyo ulimwenda mbio, lakini ulikwenda kwa raha. Alikwisha kupanga yote. Juu ya rafu palikuwa na vikombe vya plastiki tu. Vitaanguka, vitapiga kelele, Mjomba ataguna, Redio atatahayari, na hakuna atakayeumia. Kisasi kikiwa bado kichwani ni kitamu, hakina hata mfupa.

Mifupa ilianza kuonekana saa ya kupika. Siafu alikuwa anakaanga vitunguu na nyanya, karoti zikingoja zamu yao, na maharagwe yaliyoiva yakitoa mvuke pembeni. Mama aliingia na kikaango cha chuma, kile kizito cha zamani, akakiweka juu ya rafu. Akaongeza kinu cha kutwangia kitunguu saumu. Akaongeza mtungi wa chumvi.

"Mama, hivyo viache chini," Siafu alisema.

"Rafu ni ya nini sasa? Ya kutazamwa?"

Kisha Bibi akaingia na kigoda chake, akatafuta penye upepo, akakaa karibu na dirisha. Yaani chini ya rafu, upande wa kushoto.

Mwiko ulisimama mkononi mwa Siafu. "Bibi, njoo ukae huku kwangu."

"Nije nikaangwe na wewe? Hapa pananifaa."

"Bibi, tafadhali."

"Mtoto huyu ana nini leo?" Bibi aliuliza, akaanza kumenya kitunguu saumu.

Siafu alifungua mdomo aseme. Wallahi alikuwa karibu kusema. Lakini wakati ule ule Redio aliingia na Mjomba, amevaa kofia ya Mjomba kichwani, akitangaza, "Karibuni wasikilizaji, hapa ndipo fundi mkuu alipoonyesha maajabu yake!" Siafu akafunga mdomo. Acha aone, alijiambia. Bibi atainuka tu sasa hivi.

Bibi hakuinuka. Redio, ili aonyeshe uimara wa kazi yake, aliipiga rafu kofi.

Rafu ililala upande mmoja. Vikombe vilitangulia, kisha chumvi, kisha kinu, na mwisho kabisa kile kikaango. Kilipita karibu na kichwa cha Bibi, karibu mno, kikamwangukia juu ya mguu.

Bibi alitoa mlio mfupi, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomtisha Siafu. Mama alipiga magoti, akamvua ndala, akafunga kitambaa cha maji baridi. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Bibi alijaribu vidole vyake, kimoja baada ya kingine, vyote vikacheza.

"Haukuvunjika," alisema, akihema. "Lakini ningekuwa nimeinama kidogo tu, leo mngekuwa mnalia."

Mjomba aliokota chuma cha rafu kilichochomoka ukutani. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hii ni kazi mbovu," alisema. "Mtu anayefunga rafu namna hii jikoni, juu ya vichwa vya watu, sitaki hata apite mbele ya karakana yangu."

Redio aliivua ile kofia haraka. "Si mimi, Mjomba! Haki ya Mungu si mimi! Ni Siafu. Yeye ndiye aliyepima, akakata, akafunga, yote yeye. Mimi nilishika ubao tu!"

Jiko zima likamgeukia Siafu. Hayo ndiyo maneno aliyoyataka tangu jana, neno kwa neno, mbele ya watu wale wale. Sasa yamekuja, na yalikuwa machungu kama shubiri. Angeweza kunyamaza. Watu wangesema mtoto amejaribu, ameshindwa, basi. Hakuna ambaye angejua.

"Kumbe ni wewe," alisema Mjomba, akitikisa kichwa. "Basi pole. Useremala si kwa kila mtu."

Hapo ndipo Siafu alipopasuka.

"Kazi yangu si mbovu!" alilia. "Nilikaza skrubu zote nne mpaka mkono ukafa ganzi! Ilikuwa imara! Nimezilegeza mwenyewe asubuhi, kwa bisibisi, ili ianguke Redio aaibike! Sikujua Bibi atakaa hapo. Na nilipomwona amekaa, nilinyamaza."

Mama alikaa chini sakafuni, katikati ya chumvi. Vitunguu vikaanza kuungua, na ni Bibi aliyekumbusha.

"Geuzeni hivyo vitunguu kwanza. Kesi haijazi tumbo."

Siafu akavigeuza. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya kigoda. "Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Lakini si bure," alisema Bibi, na jicho lake lilikuwa kali.

Mjomba aliwaita wote wawili mbele yake. "Redio, wewe umeiba. Usidhani mwizi ni wa kuku tu. Umechukua jasho la mwenzako ukajipaka, na lilipoanza kunuka ukamrudishia mwenyewe. Kwangu huji likizo hii. Na leo utapita kwa kila uliyemwambia ni kazi yako, umwambie kweli."

"Nimesikia, Mjomba," alisema Redio. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na wewe Siafu, ulidhulumiwa. Haki ilikuwa yako. Lakini tazama: adui yako hana hata mkwaruzo. Aliyeumia ni bibi yako, na kilichovunjika ni kazi yako. Mkono wako ni wa fundi. Hasira yako bado haina fundi. Likizo ikianza utakuja, lakini karakanani bisibisi hutaishika mpaka niridhike. Utafagia maranda."

"Na mimi nina langu," alisema Mama taratibu. "Jana uliniambia kweli, nikakuita mwenye wivu. Ningesikiliza, hata haya yasingefika hapa. Nisamehe, mwanangu."

Siafu aliinamisha kichwa kukubali.

Rafu ilirudishwa ukutani kabla ya kula. Siafu alipanda juu ya ndoo, na Redio akashika ubao, safari hii bila kutangaza chochote na bila kuuachia mpaka alipoambiwa. Kisha Bibi, mguu wake ukiwa juu ya mto, akaamuru vitu vyote virudishwe juu: mtungi, kinu, na kikaango kile kile.

"Sasa," alisema, "bei ya msamaha wangu. Siafu, Redio, chukueni sahani zenu. Mtakula hapo chini ya rafu. Upande wa kushoto."

"Bibi!" Redio alishtuka.

"Mimi nilikaa hapo bila kuulizwa. Kaeni."

Wakakaa. Maharagwe yalinukia vizuri, nyanya zimeshika, karoti laini, mkate wa moto pembeni. Watu wote walikula isipokuwa Redio, aliyekuwa ameivuta shingo ndani ya mabega kama kobe. Mwishowe alimwinamia Siafu.

"Dada," alinong'ona, "umezikaza zote?"

Siafu alitafuna polepole. Aliona angeweza kumwacha hivyo hivyo, akatetemeka mpaka chakula chake kikapoa, na kusema kweli wazo hilo lilikuwa tamu. Akainua macho akaona kikaango juu ya vichwa vyao vyote viwili, kisha akautazama mguu wa Bibi juu ya mto.

"Zote nne," alisema. "Kula."

Redio akala. Bibi alikuwa anawatazama, na sasa ndipo alipotabasamu.

"Mkumbuke hivyo," alisema. "Ukitaka kufanya jambo, jema au baya, kwanza jiulize kama uko tayari kukaa chini yake."